Mti wa Kitambaa

Kiharusi kilipompiga Mwalimu kilimnyang'anya mkono wa kulia na Kiswahili chote. Mkono ulirudi. Kiswahili hakikurudi. Alichobakiwa nacho ni Kiingereza cha darasa la tatu, tena si chote: sehemu za mti tu, kama jani, mzizi na gome.

"Mwanangu," mkewe alimwambia mtaalamu wa usemi hospitalini, "akitaka chai anasema leaf. Akitaka viatu, root. Blanketi ni bark. Mimi ni fundi cherehani, Kiingereza sikijui. Nitaishije na msitu ndani ya nyumba?"

Mtaalamu, binti mwenye sauti ya taratibu, hakumfariji kwa uongo wala hakumtisha. Alieleza kwamba mtu mwenye lugha mbili anaweza kupoteza moja zaidi kuliko nyingine, na kwamba maneno yaliyorudiwa mno wakati mwingine ndiyo husalia. "Alifundisha nini zaidi?"

"Huo huo mti. Tangu anioe."

"Basi anzia hapo, mama. Tumia alichokizoea. Usimlazimishe na usimcheke."

"Na tukicheka wote?"

"Hiyo ruksa."

Mti wenyewe ulikuwa ukutani kwao, kati ya cherehani na dirisha. Mwalimu aliuchora kwa chaki ya bluu juu ya kitambaa cheupe, na mkewe akaudarizi kwa uzi, pamoja na maneno yake. Herufi za Kiingereza alizifuata kama anavyofuata ua la foronya, bila kujua zinasema nini. Ulining'inia darasani miaka yote; alipostaafu, walirudi nao nyumbani.

Haikuchukua muda nyumba ikazoea. Leaf ilipoitwa, birika lilipanda jikoni. Mdogo wake fundi, kinyozi, alikuja kila alasiri kumnyoa shemeji yake na kucheza naye drafti.

"Shemeji, leo nikunyoe au nikupogoe?"

Mwalimu alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Kicheko chake hakikuwa kimeguswa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo fundi hakuweza kulizoea. Siku ya harusi yao aliwapanga ndugu wa pande zote mbili kwa ajili ya picha, wafupi mbele, warefu nyuma, wanaobisha pembeni, na tangu siku ile mumewe hakumwita kwa jina lingine ila Jemadari. Mbele ya wageni alikuwa akilalamika: jina gani hilo kwa mwanamke wa watu! Sasa angetoa cherehani yake alisikie mara moja tu.

"Mimi nani?" alimuuliza kila asubuhi.

Mwalimu alimtazama, jasho likamtoka, midomo ikatafuta. Siku moja ikapata: "Trunk."

Fundi akaenda kwenye kitambaa, akalifuata neno mpaka linakoelekea. Shina. Nene.

"Dada, hajakosea sana," kinyozi akasema.

"Nyamaza, wembe butu wewe!"

Njia ilipatikana kwa uzembe. Fundi alikuwa akimpimia mteja gauni, amepiga magoti, pini mdomoni, macho kwenye pindo. Mteja akauliza, ili kupitisha muda, vile vya chini vilivyojikunja kwenye mti wa ukutani ni nini.

"Matawi," fundi akajibu bila kugeuka.

Kiti kikalia nyuma yake. Mwalimu alikuwa amesimama, fimbo imeelekea ukutani. "No! Root!"

Fundi akageuka. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ya kutosha kujua kwamba anaweza kulala na njaa lakini si na kosa. Aliwahi kuirudisha kadi ya mwaliko wa harusi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Akazitoa pini mdomoni, moja moja.

"Matawi," akarudia, safari hii makusudi.

"Mi..." Shingo ikamtutumka. "Mi... mizizi!"

"Si ndiyo, mizizi," mteja akasema, asielewe kwa nini fundi amekaa chini sakafuni anacheka na kujifuta macho kwa utepe wa kupimia.

Tangu hapo nyumba ile iliongopa kwa ratiba. Chai ililetwa kwa jina la uji, viatu kwa jina la kofia. Si kila siku ilifaulu. Zipo siku ambazo leaf ilibaki leaf, na ipo siku Mwalimu aliisukuma chai ikamwagika. Mtaalamu aliposikia alisema jambo hilo lina mantiki, ila wasimchoshe: makosa machache, na akikwama apewe jibu.

Lakini jina lake mwenyewe fundi hakuthubutu kuliharibu. Aliogopa: lisiposahihishwa je?

Alasiri moja wanaume walikuwa katikati ya drafti juu ya meza kubwa, fundi ana kitambaa cha sare mkononi.

"Ondoeni drafti yenu. Nataka meza yangu. Sasa hivi!"

Kinyozi akaruka, akapiga saluti. "Sawa, Sajini!"

Kete ya Mwalimu ikasimama hewani.

"No," akasema.

"Sajini," kinyozi akashikilia, jicho moja kwa dada yake.

"Je..."

"Koplo?"

"Je... ma... Jemadari!" Kete ikatua ubaoni kwa kishindo. Mwalimu akamtazama shemeji yake kwa huruma ile ya kumtazama mwanafunzi wa mwisho darasani.

Halafu fundi akasikika: "Meza nimeshaiomba, sirudii."

Wakaisogeza drafti sakafuni, kinyozi akinung'unika kwamba katika vurugu ile kete zake mbili zimeliwa. Fundi akatandaza kitambaa, akashika mkasi, akakata. Mkasi ambao haujawahi kumpoteza ukaenda upande.

Mwalimu akanyoosha shingo, akasonya.

"Kombo, Jemadari."

"Naona, Mwalimu," akasema, akaanza upya.