Kibao cha Nyumba ya Rudd

Jumatatu asubuhi Ardella Mabry alikuwa amepiga magoti nje ya nyumba ya magogo ya Rudd, akikandika udongo, chokaa na manyoya ya nguruwe kwenye mianya ya ukuta wa kaskazini, gogo la tatu lilipojichomoa na kwenda kulala kwenye majani. Lilikuwa gogo jipya, lililotiwa wiki iliyopita badala ya lililooza. Ardella alifuta mikono, akalizunguka, akaona kosa. Fundi alilikata pembe zake ziinamie ndani, kwa hiyo mvua ingeingia ukutani badala ya kumwagika nje. Nyumba ilikuwa imelitema.

"Lirudisheni," alisema Bi Lorene Thrasher, mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi, bila kushuka garini. "Jumamosi tunazindua kibao cha historia."

Mafundi wakalirudisha. Jumanne lilikuwa kwenye majani tena.

Kibao hicho ndicho kilichomkaa Ardella rohoni. Kila mtu pale Caney Ridge, Tennessee, alijua kuwa nyumba ilijengwa na Esau, mtumwa wa Kanali Rudd na babu yake Ardella wa vizazi sita nyuma. Kujua ni kitu kimoja, kuandika ni kingine. Miaka kumi Ardella aliiandikia kamati barua akitaka jina moja tu liongezwe kando ya la Kanali, na miaka kumi akajibiwa kwamba hakuna ushahidi. Ushahidi ulikuwa sebuleni, ndani ya kabati la kioo: shoka pana la kuchongea magogo, limenolewa na mpini wake umepindwa kwa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Juu ya kabati ilining'inia picha ya Kanali, ambaye mkono wake wa kushoto aliuacha vitani miaka minne kabla ya nyumba kujengwa.

"Kanali alikuwa mtu wa pekee," kamati iliwaambia wageni. Makubwa hayo! Na wageni waliitikia kwa vichwa, wakaenda kununua jemu.

Jumatano Esau akaja mwenyewe. Alitokea upande wa maegesho ya magari akijipukuta kokoto mabegani, maana mwaka kamati ilipoanza kuuza tiketi walimwaga kokoto juu ya makaburi ya watumwa. Aliingia ndani, akatoa shoka kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, akatoka nalo. Alipoliona gogo kwenye majani, akasonya.

"Nani kakata uchafu huu?"

"Fundi wa mjini, babu," alisema Ardella.

"Fundi! Huyo hata banda la kuku nisingempa."

Akachagua mti mwingine, akauchonga. Ardella alimletea mkate wa mahindi na maziwa mgando, naye akala amesimama, kama alivyozoea. Alasiri gogo lilikuwa limekaa mahali pake, hata wembe usingepita kwenye pembe zake.

Bi Lorene alifika saa kumi. Alimtazama Esau juu mpaka chini.

"Huyu ana bima?"

"Alikufa mwaka 1851," alisema Ardella.

"Basi ajaze fomu ya wanaojitolea. Na shoka la Kanali alirudishe kabla hatujafunga."

"Bi Lorene, umemwona anavyolishika. Ushahidi uliokuwa ukiutaka si huo mbele yako, unatoka jasho?"

"Ardella, mpenzi, usianze. Ni babu yako. Shahidi mwenye upande si shahidi."

"Na Kanali ni babu wa nani? Si wako? Hamna haya nyie!"

"Ndiyo maana mimi niko kwenye kamati, na wewe uko kwenye udongo."

Ardella aliivuta ndoo yake ya udongo. Alimchukia Lorene waziwazi, tangu shule, na Lorene alilijua hilo na halikumnyima usingizi. Ardella angeweza kuitupa ndoo na kwenda zake. Lakini mvua ilikuwa inakuja na mianya ilikuwa wazi, na ukuta ulikuwa wa kwao. Akaendelea kukandika.

Jumamosi kulikuwa na bendi, nyama ya nguruwe ya kuchoma, na Meya. Esau alivishwa fulana iliyoandikwa RUDD mgongoni, watu wakapiga naye picha. Wakati wa kutundika, kibao cha shaba kilikataa kukaa sawa.

"Mwiteni yule mzee," alisema Bi Lorene. "Ana jicho."

Esau akaja, akakinyoosha kibao mara moja tu, akakishikilia kwa kiganja huku Bi Lorene akifunga skrubu. Enzi zake kusoma kulimletea mtumwa viboko, hivyo akageuka.

"Wameandika nini, mjukuu wangu?"

Ardella angeweza kumdanganya mzee wa watu, lakini aliona hiyo itakuwa dharau nyingine juu ya ile ya kibao. Akasoma kwa sauti:

"'Nyumba hii ilijengwa mwaka 1819 na Kanali Absalom Rudd, kwa mikono yake miwili.'"

Esau alifikiri kidogo. Kibao hakukiachia. Akalitazama gogo la tatu, ambalo bado lilinukia utomvu.

"Na hili? Hili la juzi?"

"Hilo pia ni kazi ya Kanali, babu."

Esau akaitikia kwa kichwa. Bi Lorene akakaza skrubu ya mwisho.