Maji Chini ya Zulia

Gari la mwalimu mstaafu lilitoka gereji saa mbili na nusu asubuhi, na mpaka saa tatu Sindano alikuwa bado hajatulia. Alishika kazi hii akaiacha, akashika ile akaiacha. Alikwenda kunywa maji, akarudi bila kunywa. Kila dakika macho yake yalikuwa langoni.

Walimwita Sindano kwa sababu ya ile sindano ndefu aliyotobolea nyaya kila alipopima umeme. Alikuwa fundi umeme wa magari, wa pekee katika gereji ya mjomba wake. Mjomba mwenyewe alikuwa mtu wa giaboksi, miaka thelathini akizifungua na kuzifunga, na watu walimletea magari ya otomatiki kutoka mbali. Msimamo wake ulikuwa mmoja: gari likigoma kubadili gia, ugonjwa uko tumboni mwa giaboksi. Habari za kompyuta aliziita porojo.

Gari la mwalimu lilikuja mara ya kwanza mwezi uliopita. Lilikuwa linakwenda vizuri, halafu ghafla linaruka kama limepigwa teke, taa inawaka kwenye dashibodi, na gia inang'ang'ania ya tatu, haipandi wala haishuki. Ukilizima kwa muda, linapona. Mjomba aliishusha giaboksi, akabadilisha sahani za klachi, akasafisha valvu, akatia mafuta mapya. Wiki mbili hazikupita, gari likarudi asubuhi hiyo mapema na ugonjwa uleule. Safari hii Sindano aliunganisha mashine yake ya kupimia, akakuta kompyuta inayoamuru gia imeandika makosa matatu yasiyohusiana hata kidogo. Aliomba gari libaki siku mbili. Mjomba alikataa, akasema hayo ni makosa ya zamani, yafutwe tu, mwalimu ana safari.

Sindano akayafuta. Hilo ndilo lililomkera. Aliyafuta kwa kidole chake mwenyewe, akalizungusha gari mtaani mara mbili, madirisha wazi, likateleza bila tatizo. Akamkabidhi mwalimu ufunguo.

Mwalimu alikuwa anampeleka dada yake hospitali ya macho, ng'ambo ya mlima, kufanyiwa upasuaji saa sita mchana. Dada mtu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata hakuona zaidi ya vivuli. Walikuja pamoja na gari hilo, na walipokuwa wanasubiri, alikaa kwenye benchi la gereji, akavua viatu, akavisogeza juani. Sindano alimwamkia, akaitikiwa vizuri, wala hakuwaza lolote kuhusu viatu.

Sasa alikuwa anafungua taa ya lori iliyoingia maji. Alipoiinamisha, maji yakamwagika yote mguuni kwake, kiatu kikalowa chapachapa. Akakitazama kiatu. Akabaki hapo, bisibisi mkononi.

Mvua ilikuwa na mwezi mzima haijanyesha. Yule mama alitoka nyumbani kwake akaingia ndani ya gari, akatoka ndani ya gari akakaa kwenye benchi. Sasa viatu vilimlowa wapi?

Kiyoyozi. Gari lina kibomba kinachomwaga maji ya kiyoyozi chini barabarani. Kikiziba, maji hurudi ndani, yakanywewa na zulia la upande wa abiria. Na katika magari ya aina ile, kompyuta ya gia imefungwa hapohapo, chini ya miguu ya abiria. Yeye alilijaribu bila kuwasha kiyoyozi. Mwalimu asingempeleka mgonjwa kwenye jua kali bila kukiwasha.

Alimpigia mwalimu simu mara nne. Iliita mpaka ikakata. Mwalimu hakuwa mtu wa kupokea simu akiwa anaendesha.

Akamwendea mjomba, aliyekuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Mjomba, lile gari tatizo halikuwa giaboksi. Naomba ufunguo wa pikipiki."

Mjomba alijivuta akatoka, akakaa, akajifuta mikono taratibu. "Unataka kuniambia niliifungua bure?"

"Nataka kukuambia wako mlimani na kompyuta imelowa."

Mjomba alisimama. Mlima ule aliujua, alikuwa amevuta magari mengi kutoka mabondeni mwake. Aliuchomoa ufunguo mfukoni, akamtupia.

Akaiwasha pikipiki, akashika njia ya mlimani. Kompyuta iliyolowa inaweza kuamuru lolote: gia ndogo gari likiwa kasi, au isiamuru gia yoyote kabisa. Kila kona aliikaribia akitegemea kuona vipande vya vioo barabarani. Aliyapita malori yaliyokuwa yakijikongoja, akatukanwa na dereva mmoja, hakugeuka.

Kwenye kona ya tatu alikuta foleni. Mbele kabisa lilikuwa gari la mwalimu, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu, na mwalimu mwenyewe amesimama katikati ya barabara akipunga leso. Shati lote lilikuwa jasho. Alieleza kuwa gari liliruka, kisha likawa linanguruma bila kuvuta, likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Alilizuia kwa breki mpaka utingo wa lori alipoleta jiwe.

Dada yake alikuwa bado amekaa ndani, mkoba mapajani.

"Kuna kitu kinalia tik, tik, chini ya miguu yangu," alimwambia Sindano. "Mwezi mzima namwambia. Ananijibu asiyeona husikia mengi."

Mwalimu alizunguka upande wa dada yake, akamfungulia mlango.

Sindano alimtoa yule mama polepole, akalifunua zulia. Sifongo yake ilikuwa imejaa maji kama godoro lililoachwa nje. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha ile kompyuta, kisichozidi kitabu cha sala, na alipoichomoa plagi yake alikuta pini zimeota kutu ya kijani. Mama alivua mtandio wake, akamnyooshea bila kuulizwa. Sindano alifuta, akakwangua kutu kwa sindano, pini moja baada ya nyingine, huku honi zikimlilia mgongoni. Akarudisha plagi, akazima kiyoyozi, akawasha injini. Taa ya dashibodi haikuzimika. Gari lilikuwa limejifungia gia ya tatu, ambayo isingeupanda mlima ule.

Akaichomoa plagi tena, akaiacha hivyo hivyo. Akaisukuma leva mpaka kwenye namba mbili. Kwa gari lile, hapo giaboksi huutii mkono wa dereva, hata kompyuta isipokuwepo. Ikashika. Aliiacha pikipiki kwa utingo, akaendesha mwenyewe, polepole, injini ikilalamika na foleni nzima nyuma yao. Kila baada ya muda mama alisema, "Hakilii," na Sindano aliitikia, "Vizuri, mama," bila kuamini.

Walifika saa saba kasorobo. Nafasi ya mama ilikuwa imepewa mtu mwingine. Mwalimu alimbembeleza muuguzi mpaka wakamweka wa mwisho, na saa tisa akaingizwa chumba cha upasuaji.

Sindano alimpigia mjomba simu, naye akafika alasiri na gari la kuvuta, pikipiki imefungwa nyuma. Aliinama ndani ya gari la mwalimu, akakishika kile kisanduku, akakigeuza, akaiangalia kutu kwa muda mrefu.

"Kumbe giaboksi ilikuwa inapokea amri za uongo," alisema. Kisha akauliza, "Mwalimu ameshaambiwa?"

"Bado. Giaboksi yako ndiyo iliyotupandisha, mjomba."

"Usinipake mafuta. Nitamwambia mimi."

Akavua kofia, akaingia hospitalini. Kupitia kioo Sindano alimwona amekaa kando ya mwalimu, anazungumza huku anaangalia mikono yake, na mwalimu anatikisa kichwa polepole. Muuguzi akatokea, akawaambia jambo, wote wawili wakasimama, na mwalimu akamshika mjomba mkono kwa furaha. Upasuaji ulikuwa umekwenda salama.

Sindano alipaswa kupumua. Lakini alikuwa anahesabu: magari mengine mawili ya aina ileile waliyafungua giaboksi mwaka huu, na yote yalitoka getini na makosa yamefutwa. Akatoa simu, akaanza kutafuta namba za wenyewe.