Serikali Isiyo na Mlango

Nitasema ukweli tangu mwanzo: nilimwonea Zaitun wivu. Si wa mapenzi, hapana, mimi nina umri wa baba yake. Nilimwonea wivu wa foleni.

Miaka kumi na sita nimekuwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Nkende, na miaka yote hiyo foleni ilikuwa yangu. Unataka kitambulisho cha taifa? Pita kwa Wangwe. Ndugu yako anataka dhamana? Pita kwa Wangwe. Watu walikaa kwenye benchi langu barazani, mke wangu akawapa uji, nami nikatoa muhuri kwenye droo polepole, makusudi, ili wauone. Mimi nimekulia kwenye siasa za ujamaa. Nilifundishwa kwamba serikali ni watu wanaojuana.

Halafu Zaitun, binti wa mzee Swaleh muuza vitambaa, akafungua stesheneri ng'ambo ya barabara, akaweka kompyuta mbili. Maombi yote sasa yanajazwa mtandaoni. Benchi langu likabaki na kuku. Kila asubuhi nilikaa pale nikihesabu vichwa mlangoni kwake, roho inaniuma utadhani kaninyang'anya shamba.

Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamvamia. "Wewe mtoto, siku hizi unajifanya serikali?"

Akacheka. "Shikamoo mwenyekiti. Serikali ya kesho haina ofisi, mzee wangu, wala haina mlango. Iko kwenye simu. Haiulizi wewe ni wa ukoo gani. Si ndiyo usawa mliokuwa mnauimba?"

"Isiyo na mlango utaigongea wapi?"

"Samahani mzee, nina mteja," akasema, akageukia kompyuta. Eti mteja! Mwananchi kageuka mteja! Lakini jibu langu lilinipendeza mno, nikalitangaza mtaa mzima, wiki nzima.

Jumatatu iliyofuata bibi Mokami akapiga hodi kwangu, ameongozana na Nyangi.

Wasio wa huku niwaeleze. Mokami hakujaliwa mtoto. Mume wake alipofariki, akatoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa binti aliyeitwa Bhoke. Ndiyo mila yetu ya nyumba ntobhu: mwanamke anamwoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Mwanamume aliyewazalisha hatajwi na hana haki yoyote. Bhoke alimzaa Nyangi, kisha akafariki. Ubatizo, vyeti vya shule, kila mahali binti ameandikwa Nyangi Mokami. Bibi hana mwingine duniani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mura," akanijibu, maana kwa bibi mimi bado ni kijana. "Ile mashine imetukataa. Imeuliza baba ni nani, Zaitun akaandika mimi. Ikasema baba hawezi kuwa mwanamke."

Nyangi akaeleza kwamba amepata nafasi chuo cha uuguzi, ila maombi ya kitambulisho yawe yametumwa kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Wakishindwa itabidi waandike jina la mwanamume.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Kumbe hiyo serikali yao ya kwenye kioo haimjui Mokami! Mimi namjua. Ilikuwa ni kuandika mistari mitano tu, mimi Wangwe nathibitisha mila ya nyumba hii, nikagonga muhuri, basi. Badala yake nikajiegemeza kwenye kiti.

"Mwambieni Zaitun aje hapa mwenyewe, kwa miguu yake, aniombe."

Mokami akanitazama. "Mura, mimi ndiye ninayekuomba."

"Nimesema aje yeye."

Jumanne bibi akarudi na mkongojo wake, akapiga hodi. Nikamwambia mke wangu aseme nimekwenda Bomani. Nilikuwa chumbani, nachungulia dirishani kama Zaitun anavuka barabara. Hakuvuka. Jumatano bibi akaja tena, akagonga, akaita, akasubiri juani, akaondoka. Mchana kwenye simu yangu ukaingia ujumbe: Zaitun Stesheneri. Nikasonya. Yaani hatua ishirini tu, huyu mtoto ananitumia ujumbe? Nikaufuta bila kuusoma. Weee, nilijiona dume!

Alhamisi donge likalegea, au tuseme niliogopa. Nikaandika ile mistari mitano kwa mwandiko wangu mzuri, nikagonga muhuri mara mbili. Saa nane mchana nikavuka barabara.

Mokami alikuwa ameketi kwenye benchi la Zaitun. Nyangi alikuwa pembeni yake, ameinamisha kichwa.

"Tumeshatuma, mwenyekiti," Zaitun alisema. "Tangu saa nne."

"Baba mmemwandika nani?"

"Mseti."

Mseti! Mchimbaji wa Nyamongo! Jina ambalo mtaa mzima tulilijua, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelitamka.

"Mfumo ulimtumia ujumbe athibitishe," Zaitun alisema, wala hakuwa na furaha. "Alithibitisha hapo hapo. Lakini mwenyekiti, kulikuwa na sehemu ya maelezo ya mila. Ilitaka kiambatisho kimoja tu, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa na watu hadi nje, nikakuandikia. Nikasema piga picha tu barua, nitumie. Hukuona?"

Siku zote nilidhani serikali ya kesho imenitupa, kumbe iliniachia kiti changu, na mimi ndiye niliyekikataa kwa kijicho.

"Mseti amepiga simu," Mokami alisema. "Anasema Nyangi ni wake sasa. Anauliza akiolewa, ng'ombe wa mahari watakwenda boma gani."

"Bibi, barua hii hapa. Tutabadilisha."

"Kubadilisha baba ni hadi mahakamani," Zaitun akasema chini chini.

Mokami akaipokea ile karatasi. Hajui kusoma. Akapitisha kidole juu ya muhuri, wa kwanza, wa pili, kisha akanirudishia.

"Serikali ya Zaitun haina mlango, mura. Ulitutangazia mwenyewe," alisema. "Ya kwako inao. Nimeugonga siku tatu."