Mtu Niliyemwita Mushenzi

Mimi na kaka yangu Assumani tulitoka Ujiji katika mtumbwi mmoja, mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipojenga boma. Tumekula sahani moja, tumeswali mkeka mmoja. Watu wakiniuliza kwa nini basi Kigwena kwake na Rumonge kwetu hazifanani, huwa nakohoa na kubadili mazungumzo. Leo nasema, na aibu ni yangu.

Assumani alishuka kijiji cha Kigwena, kando ya ziwa, na mkewe Zuwena. Walikuja kukaa. Aliomba shamba kwa wenyeji, akapanda michikichi pamoja nao, akajifunza Kirundi huku wakimcheka. Mimi niliendelea hadi Rumonge na wanaume wanane, mwanamke hata mmoja hakuna. Tulitaka mafuta ya mawese, tuuze, turudi kwetu matajiri. Tukajizungushia ua wa matete. Miaka sita ikapita, hatukurudi kwetu wala hatukuzoeana na mtu. Sisi tulijiita waungwana, wenyeji tukawaita washenzi. Waungwana gani, hata kujipikia hatujui!

Alitupikia mtu mmoja wa pale. Alitupasulia kuni, na nilipougua homa aliniuguza mwezi mzima. Nilimwita Mushenzi, naye akaitika. Nikaona inatosha.

Asubuhi moja askari wa boma walikamata watu njiani wakabebe mizigo ya safari ya mbali. Safari kama hizo wengi hawarudi. Mke wa Mushenzi alikuja uani kwangu akilia kwa Kirundi. Bila shaka alilitaja jina la mumewe mara kumi. Mimi nilielewa tu kwamba amekamatwa, nikakimbia bomani.

Nilimkuta Assumani amefika, maana watu wake watatu walikuwa wamekamatwa pia. Mwandishi wa boma alikuwa na sharti moja la kumwachia mtu: utaje jina la mtu wako, naye aitike. Wajanja walikuwa wamezoea kujichagulia wenye nguvu kwa kuwanyooshea kidole na kudai ni watu wao. Kaka akaita: Nyandwi mwana wa Sota, Bucumi, Minani. Wakaitika, wakafunguliwa kamba.

Zamu yangu ikafika. Nikamwonyesha mtu wangu kwa kidole.

"Jina," akasema mwandishi.

"Ni mushenzi wangu."

Akawatazama watu arobaini waliofungwa pale. "Washenzi ni wote hawa. Wako anaitwa nani?"

Mushenzi mwenyewe alifungua mdomo ajitaje, askari akamnyamazisha kwa kiboko. Niliomba wanisubiri nikamuulize mkewe, nikaambiwa safari inaondoka sasa hivi. Nikamgeukia kaka.

"Ni mutu wa kwako, Ramazani," akasema. "Miye nitajulia wapi jina yake?"

Waliobaki wakatwishwa mizigo, wakaanza kutembea. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu wangu aliponifikia akapunguza mwendo, akanitakia amani kwa Kirundi.

"Amahoro, Ramazani mwana wa Uledi."

Jina la baba yangu sikumbuki kumwambia hata siku moja. Nikajibu amahoro, nikaishia hapo; jina la kuongeza sikuwa nalo.