Mikono Miwili kwenye Mawaridi Saba

Mwaka ule nilipanga chumba cha uani kwenye nyumba ya watu watatu: mzee aliyestaafu kazi ya kupiga chapa, jina la utani Wino; mwanawe, mpimaji ardhi; na mke wa huyo mwanawe, muuguzi wa zamu. Mimi waliniita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na sikuwa na hoja ya kukataa.

Mbele ya nyumba kulikuwa na mawaridi saba. Wino aliyapanda wiki ileile aliyorudisha funguo za mtambo wa chapa, na tangu hapo hakuwa na kazi nyingine. Sasa yalikuwa yanakufa. Kingo za majani zimekauka kama karatasi iliyopitishwa jirani na moto, na vichipukizi vinaning'inia hata udongo ukiwa umelowa.

Na mpimaji alikuwa amenunua gari.

"Baba, nimevumilia," alisema tukiwa kwenye chai barazani. "Fundi saruji anakuja baada ya wiki tatu. Akikuta mawaridi hai, gari litaendelea kulala barabarani. Akikuta kuni, tunamwaga zege, gari lilale hapa."

"Sawa," alisema Wino. Alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Muuguzi akanigeukia. "Mzee Kiguu, si ulisema umefanya kazi kwenye mashamba ya maua?"

"Matatu. Yote nilifukuzwa."

"Maua yalikufa?"

"Mdomo."

"Basi wewe ndiye."

Nikachutama pale bustanini. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, kama chumvi ya jasho kwenye kola ya mchukuzi. Nikafukua kijizizi kwa kidole: cheusi, kimeungua. Wadudu hawafanyi hivyo. Ile ilikuwa mbolea ya dukani, nyingi mno, tena imerundikwa shinani juu ya udongo mkavu. Mmea uliovimbiwa hufanana na wenye njaa, ndiyo maana watu huuongezea mpaka wanaumaliza.

Muuguzi nilimkuta anapiga pasi sare zake. Nikamuuliza nani anaweka mbolea. Alichungulia mlangoni kwanza.

"Mimi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alfajiri, baba akiwa bado kalala. Mgongo wake hautaki kuinama. Lakini usimwambie, atajiona mzigo."

"Kiasi gani?"

"Kiganja kimoja kwa shina. Mwezi uliopita niliweka viwili, nilipoona yanadhoofu."

Wino alikuwa nyuma ya tangi la maji, amekalia ndoo yenye kifuniko.

"Mzee, hiyo nini?"

"Ndoo."

"Ndani yake."

Akakohoa. "Mbolea. Mkwe wangu anarudi zamu miguu imevimba, halafu aanze kuinamia maua? Naweka mwenyewe, Jumapili ya kwanza ya mwezi, akishaondoka kwenda kazini. Usinichongee, atadhani namwona mvivu."

"Kiganja kimoja?"

"Zamani. Siku hizi vitatu. Kwani huoni yanavyodhoofu?"

Watu hawa walikuwa wameishi chini ya paa moja miaka sita wakiogopana kwa adabu. Salamu asubuhi, salamu jioni, mengine yote yanapitia kwa mpimaji, na mpimaji hakuwa mtu wa kubeba habari za maua.

Jioni, chai ilipomiminwa, nilitoboa siri mbili kwa mkupuo mmoja. "Mmoja anaweka Jumamosi, mwenzake Jumapili. Mizizi imeungua."

"Baba, kumbe na wewe?" alisema muuguzi.

"Kumbe na wewe?"

"Basi kosa langu."

"Langu, mama. Viganja vyangu vikubwa."

"Mnagombea kosa kama urithi!" alisema mpimaji. "Fundi anakuja siku ileile."

Tulikwangua ukoko wote tukautupa mbali. Tukamwagilia ndoo nne kwa kila shina, polepole, ya kwanza izame ndipo ya pili ifuate, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Tukakata vitawi vilivyoungua. Ndoo zote mbili za mbolea, ya Wino na ya muuguzi, nikazifungia chumbani kwangu. Kila asubuhi Wino alinigongea.

"Hata kidogo?"

"Hata punje."

"Yananitazama vibaya."

"Yana kiungulia. Yaache."

Wiki ya tatu mashina matano yalitoa vichipukizi vyekundu, vidogo kama ncha za njiti za kiberiti. Mawili ya karibu na geti hayakutoa kitu. Fundi alifika na toroli, na mpimaji akapita shina kwa shina akikwaruza gome kwa ukucha.

"Matano hai, mawili kuni," alisema.

"Ulisema mawaridi yakiwa hai unaacha," mkewe alimwambia.

"Na nilisema yakiwa kuni namwaga. Nimetimiza yote mawili."

Akatoa futi yake akapima. Zege likamwagwa pale getini tu, na gari likaingia nusu, makalio yakabaki barabarani. Fundi alipokuwa anavuta kamba ya kunyooshea ukingo, Wino alishika ncha ya pili, akainyoosha mpaka ikakaa sawa.

Miezi miwili baadaye majani yalikuwa yamejaa. Ndoo moja nikaigawa kwa majirani, nyingine nikaiweka katikati ya baraza na kijiko kimoja cha chakula ndani yake. Nikawaeleza Wino na muuguzi: maji kwanza, kijiko kimoja kwa shina, mara moja kwa mwezi, nyunyiza kwa duara shubiri moja kutoka shinani, kisha maji tena. Nani aichukue, sikusema.

Walisimama wote wawili, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Muuguzi ndiye aliyeanza.

"Baba, mwezi huu umeshaweka?"

"Ningeweka nini? Ndoo alikuwa nayo Kiguu."

"Basi wewe weka, mimi nitamwagilia."

"Sawa, daktari."

"Mimi muuguzi, baba."

"Leo nimekupandisha cheo. Lete maji."