Kigae Kilichoivuta Sumaku

Alhamisi, 12 Juni 2025. Tunduma iliamka na ukungu na baridi ya kuchoma vidole. Jioni nilikuwa katika darasa letu la watu wazima, vigae vyangu viwili vikiwa mezani kwa mwalimu.

Wiki iliyopita Mwalimu Lwitiko alinipa vigae viwili vyeupe na kutu nyekundu iliyosagwa laini. Nivioshe sawasawa, nipake kila kimoja utando mwembamba wa kutu, kisha nivichome juu ya mkaa, kila kimoja ndani ya kopo lake lenye kifuniko. Kutu ile, alisema, sumaku haiijali.

Sasa alishusha sumaku iliyoning'inia kwenye uzi. Kigae cha kwanza, chekundu: sumaku haikutikisika. Cha pili kilikuwa kimegeuka cheusi. Sumaku ikakisogelea yenyewe.

"Mama Enesi katuletea muujiza!" akacheka Ombeni, dereva wa lori anayekaa nyuma yangu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshayaona hayo nyumbani kwa sumaku ya spika mbovu, na nimeshamwambia mchungaji kwamba Jumapili nina ushuhuda.

"Mama, uliviosha sawasawa?" mwalimu akauliza.

"Niliviosha. Lakini hicho nilikipaka mafuta ya upako kabla ya kutu, nikakiombea. Chupa ikaishia hapo, kingine kikakosa."

"Basi nyuso za vigae hivi hazikuwa sawa. Mafuta yaliungua ndani ya kopo, yakainyang'anya kutu sehemu ya oksijeni yake. Ikawa kutu nyeusi, na hiyo inavutwa na sumaku."

"Na maombi?"

"Hayo, mama, sina kipimo chake."

Nilikaa nimechanganyikiwa. Kama ni mafuta, nitakwenda kusema uongo madhabahuni. Kama ni Mungu, mafuta nayo si yake?

"Paka kingine mafuta ya alizeti," Ombeni akasema, safari hii bila utani. "Usiombe. Tuone."

Mimi hata chai siinjiki bila kuomba. Huko si kumjaribu Mungu? Sikujua. Hata sasa sijui.

Nikasimama, nikashika dawati.

"Wenzangu, mnisikie. Jumapili hii sitashuhudia. Alhamisi ijayo nitaleta kigae cha mafuta ya alizeti, ambacho sitakiombea, na mwalimu atakishushia sumaku mbele yenu. Itakachofanya sumaku, ndicho nitakachokisema kanisani."