Wifi Hanitukani Tena

Tangu niolewe na kaka yake, wifi yangu hajawahi kuniita kwa jina. Aliniita Kijiko kwa wembamba wangu, nami nikamwita Chungu kwa unene wake. Mume wangu alipofariki tulibaki wawili katika nyumba aliyotuachia, tukitaniana kutwa. Hata maradhi ya usahaulifu yalipomshika, akawa hamtambui mwanawe wala chumba chake, kunitukana hakukusahau. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Daktari alisema ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Akae na watu aliowazoea, atembezwe, aimbiwe. Mzigo ukizidi, tutafute msaidizi wa nyumbani. Dawa za kumlaza ziwe za mwisho kabisa. Mwana wa wifi aliitikia kila neno, kisha akampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaambia ndugu kwamba mimi nimechoka. Sikuwa nimesema hivyo.

Kila nilipoomba kumwona niliambiwa nisubiri kwanza azoee. Mwishowe mwanawe akanipeleka. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, ukafungwa nyuma yetu kwa ufunguo. Sebuleni sakafu inang'aa, televisheni inaimba, wazee wamejaa vitini na videvu vimelala vifuani.

Nikaketi karibu naye. "Chungu, Kijiko kimekuja kukukoroga."

Akainua macho taratibu. Ulimi ulikuwa mzito. "Shikamoo, mama."

Huyu ni mkubwa wangu kwa miaka mingi.

"Alipofika alikuwa mkorofi," muuguzi alisema. "Sasa ametulia."

Nikauliza anameza nini. Akasema ni vidonge vya kumtuliza tu, asubuhi na jioni. Nikamwambia kwamba wifi anarudi nyumbani leo hii, nitamtunza mwenyewe, Mungu atanipa nguvu. Nikapiga magoti nimvishe viatu. Vifundoni alikuwa na alama nyekundu, kama za mtu aliyefungwa.

Mwanawe akachuchumaa kando yangu, sauti laini. "Mkaza mjomba, nawe siku hizi unasahau. Juzi umeacha jiko linawaka."

"Mimi? Sijaacha jiko linawaka hata siku moja."

Akamtazama muuguzi. "Umeona? Hata hakumbuki."

Muuguzi akautoa mkoba begani mwangu, kwa adabu kabisa, akasema nipumzike kidogo, nimetoka mbali. Nilipogeuka, mwanawe alikuwa ameshavuka mlango. Ufunguo ukazunguka kwa nje.

Nikamvisha wifi kiatu cha pili, nikamshika mkono, nikaanza kusali kimoyomoyo.